Ghala la Chungu ni la Nani?

Neno chungu kwa Kiswahili lina kazi nyingi. Chungu ni mdudu. Chungu ni chombo cha udongo cha kupikia. Na dawa ikiwa kali ulimini tunasema ni chungu. Mimi hapa naandika habari za mdudu, lakini msomaji akiona hao wengine wawili wanapita pembeni asishangae. Historia ya mdudu huyu ni historia ya chakula, na historia ya chakula, kwetu sisi tunaoishi kwa mgao, haikosi uchungu.

Kwanza tuelewane ni mdudu gani. Si siafu, yule anayetembea kwa jeshi na kuingia nyumbani usiku. Si mchwa, anayekula nguzo za nyumba na kujenga kichuguu. Si majimoto wa kwenye miti. Namzungumzia chungu mvunaji, yule anayeokota mbegu. Hapa Kakuma ukitembea kando ya laga asubuhi, kabla jua halijawa kali, utamwona. Njia yake imefagiliwa, upana wake kama vidole viwili, hakuna hata kijani juu yake. Wengine wanatoka hawana kitu, wengine wanarudi na mbegu ya nyasi iliyo kubwa kuliko kichwa chake mwenyewe. Mlangoni kwake kuna pete ya makapi, kama vile mama fulani amepepeta mtama pale akaondoka.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye bloku yetu kuna ubishi. Wenye bustani za magunia wanasema chungu hawa ni wezi, wanabeba mbegu kabla hazijaota, basi wamwagiwe maji ya moto au mafuta ya taa, yaishe. Wengine, hasa wazee, wanasema waacheni. Kila upande unaongea kama vile jambo hili limeanza juzi. Kumbe ubishi huu una zaidi ya miaka elfu mbili, umeandikwa kwenye vitabu vya dini, umefika mbele ya wanasheria na wanasayansi, na hata mwaka 2025 umefika mahakamani hapa Kenya. Hebu tuufuate.

Vitabu vya zamani

Wakristo wanajua kwamba kitabu cha Mithali kinamtaja chungu mara mbili, kwenye sura ya 6 na sura ya 30. Mara ya kwanza mvivu anatumwa akamtazame ajifunze. Mara ya pili chungu anahesabiwa kati ya viumbe wadogo wenye akili kubwa, kwa sababu hana nguvu lakini anaweka akiba ya chakula wakati wa mavuno.

Ndugu zetu Waislamu wana sura nzima yenye jina lake, sura ya 27, An-Naml. Humo jeshi la Nabii Suleiman linafika kwenye bonde la chungu. Chungu mmoja anawaonya wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na watu ambao hata hawatajua kama wameponda mtu. Suleiman anasikia, anatabasamu, anamshukuru Mungu. Sisi tulioacha nyumba zetu kwa ajili ya majeshi yanayopita, habari hiyo hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia. Tena iko hadithi ya nabii mwingine aliyeumwa na chungu mmoja, akaamuru makao yao yote yachomwe moto, naye akalaumiwa na Mungu: aliyemuuma ni mmoja, kwa nini ateketeze umma mzima? Wenye chupa za mafuta ya taa waisome vizuri hadithi hiyo.

Wagiriki na Warumi nao waliandika juu ya chungu wanaobeba nafaka. Hadithi ya Esopo ya chungu na nyenje, yule mdudu aliyeimba msimu mzima mpaka njaa ikamkuta, imezunguka dunia yote. Ukiangalia ramani utaona kwamba watu hao wote, Wayahudi, Waarabu, Wagiriki, waliishi nchi kavu, nchi ya nyasi fupi na ngano, ambako mvua inakuja kwa msimu. Waliandika walichokiona kwenye sakafu za kupuria nafaka.

Wasomi waliokataa

Sasa inakuja sehemu ambayo mimi binafsi ndiyo iliyonifanya nipende habari hii. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, wasomi wa Ulaya walikataa kwamba kuna chungu anayeweka akiba ya nafaka. Walisema wazee wa zamani walidanganyika.

Mwaka 1747 mchungaji mmoja wa Uingereza, William Gould, alitoa kitabu juu ya chungu wa nchi yake. Alikuwa mtu makini. Alichimba, akatazama, ghala hakulikuta. Mwaka 1810 Pierre Huber wa Geneva, mtafiti hodari wa chungu, naye akasema vivyo hivyo. Wakatoa na maelezo: watu wa kale waliona chungu wakihamisha watoto wao, ambao wakiwa kwenye vifuko vyao vyeupe wanafanana na punje za mchele, wakadhani ni nafaka.

Hawakusema uongo. Chungu wa Uingereza na Uswisi kweli hawana ghala. Nchi zao zina mvua na baridi, na chungu wa huko hula wadudu wenzao, au hunyonya majimaji matamu ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaojaa kwenye majani ya kunde. Wakati wa baridi wanalala. Ghala la nini? Tatizo lao ni moja tu. Walichukua bustani ya nyumbani kwao wakaifanya kipimo cha dunia nzima, na aliyeleta habari tofauti kutoka nchi kavu wakamwambia ni hadithi za mababu.

Mlango ulianza kufunguka India. Miaka ya kuzunguka 1830, afisa mmoja Mwingereza, W. H. Sykes, akiwa Poona, mji ambao leo unaitwa Pune, aliona chungu baada ya mvua kubwa wakitoa mbegu za nyasi shimoni na kuzianika juani. Yaani zimelowa, zisioze. Mkulima yeyote wa India angemwambia hivyo. Lakini Ulaya bado wengi walisema labda ni India tu.

Aliyemaliza ubishi ni kijana mwenye afya dhaifu, John Traherne Moggridge. Kila majira ya baridi alikimbia Uingereza akaenda Menton, kusini mwa Ufaransa, kwenye jua. Huko, akiwa hana nguvu za kazi nzito, alikaa chini akawatazama chungu. Alifuata njia zao, akachimba mashimo, akakuta vyumba vyenye sakafu laini vimejaa mbegu. Aliona jambo la ajabu: mbegu zimekaa ndani ya udongo wenye unyevu, lakini haziwi mimea. Na ile inayoanza kuota, chungu huikata kile kijimzizi cha kwanza, kisha huianika. Alitoa kitabu chake mwaka 1873. Mwaka uliofuata alifariki, akiwa na miaka 32. Tangu hapo hakuna msomi aliyekataa tena.

Nataka msomaji ashike hilo vizuri. Tangu Mithali mpaka Moggridge, chungu hakubadilika. Kila mwaka alivuna, akapura, akatupa makapi, akafunga ghala. Na wakulima wa nchi kavu waliendelea kumwona kila mwaka. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaamini.

Mkulima wa Texas

Pale wasomi walipoanza kuamini, wengine wakaamini kupita kiasi. Huko Texas, Marekani, alikuwepo daktari aliyejifundisha mwenyewe, Gideon Lincecum. Alimwandikia Charles Darwin kwamba chungu wa kwao hawavuni tu, wanalima: wanapanda nyasi fulani kuzunguka kiota, wanapalilia, halafu wanavuna. Darwin akapeleka habari hiyo Linnean Society ya London, nayo ikasomwa mwaka 1861. Jina likawa tayari: chungu mkulima.

Baadaye William Morton Wheeler, Mmarekani aliyebobea kwenye habari za chungu, alionyesha kwamba hapakuwa na kilimo cha makusudi. Chungu wanatoa nje makapi, na pamoja na makapi zinatoka mbegu walizozikosa, na mbegu zilizoanza kuota wakati wa mvua zikashindwa kutunzwa. Wanazitupa jalalani. Jalala lina mbolea, mbegu zinaota, na ghafla pete ya majani inazunguka kiota kama shamba.

Lakini mimi nasema Lincecum hakuona ndoto. Aliona matokeo, akakosea sababu. Pete ile ipo kweli. Udongo wa kiota cha chungu mvunaji umepimwa mara nyingi na watu wengi, na kwa kawaida una naitrojeni na fosforasi nyingi kuliko udongo wa jirani. Chungu wanachimba kwenda chini, wanapandisha udongo juu, wanashusha mabaki ya majani na mbegu, wanaacha vijia ambavyo hewa na maji ya mvua hupita. Kwenye nchi ambayo jua limeifanya ngumu kama saruji, kazi hiyo si ndogo. Mimea ya pembeni mwa kiota mara nyingi ni mirefu na ya kijani kuliko ya mbali. Na njiani chungu anaangusha mbegu, mbegu inajificha kwenye ufa, mvua ikija inaota mbali na mama yake. Kwa hiyo huyu mdudu anakula mbegu na wakati huohuo anazipanda, bila kukusudia.

Wapo pia wanaomtegemea yeye. Texas kuna mjusi mwenye pembe ambaye chakula chake kikubwa ni chungu wavunaji. Dawa za kuua wadudu zilipotumika ovyo, na chungu wengine wakali wa kigeni walipovamia, chungu wavunaji walipungua, na mjusi naye akapungua. Wafugaji wa magharibi mwa Marekani waliwahi kuwapiga dawa chungu hao kwa sababu ya ule uwanja mtupu unaozunguka mlango wao. Waliona majani yaliyokosekana kwenye uwanja, hawakuhesabu majani yaliyozidi kwenye pete.

Jambo la mwisho la Marekani. Kuanzia mwaka 1985 mtafiti Deborah Gordon amekuwa akifuatilia makundi ya chungu wavunaji kwenye jangwa la Arizona, kiota kwa kiota, mwaka hadi mwaka. Kundi moja linaweza kuishi miaka 20 hadi 30, urefu wa maisha ya malkia wake. Hakuna anayetoa amri. Chungu anakaa ndani karibu na mlango, anasubiri kukutana na wenzake wanaorudi na mbegu. Wakirudi haraka haraka, anajua huko nje chakula kipo, anatoka. Wakichelewa, anabaki. Kutoka nje kwenyewe kunapoteza maji mwilini. Mwaka 2013 Gordon alichapisha kwamba kwenye ukame, makundi yaliyojizuia siku za joto kali ndiyo yaliyofanikiwa zaidi kuzaa makundi mapya. Waliokimbilia kila punje hawakushinda.

Nyakati za njaa

Mpaka hapo nimeongea kama vile binadamu anamtazama chungu tu. Lakini wako watu ambao wamekula kutoka ghala lake, na hao ndio wanaoleta swali la kichwa cha makala hii.

Kusini mwa Sahara, Watuareg na majirani zao wameokota mbegu za nyasi mwitu kwa vizazi vingi. Maarufu ni ile yenye miiba inayong'ang'ania nguo, inaitwa kram-kram. Chungu nao wanaipenda. Basi mwaka wa shida, mtu anayejua hapotezi siku kuokota punje moja moja; anatafuta mahali ambapo mwingine ameshaokota. Mwaka 2012, Sahel ilipokumbwa na upungufu mkubwa wa chakula, habari zilifika duniani kote za wanawake wa Chad wanaochimba mashimo ya chungu kutafuta nafaka. Wengi waliozisoma Ulaya walishtuka. Walidhani ni jambo jipya, ni mwisho wa dunia. Lilikuwa jambo la zamani, ila linatumika siku mbaya.

Mama mmoja wa Darfur, jirani yetu kwenye foleni ya maji, nilimuuliza kama kwao wanajua. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Nani amekuambia?" Halafu akanieleza kwa mikono. Unafuata makapi. Makapi mapya ndiyo dalili kwamba ghala lina kitu. Unachimba taratibu, pembeni, si katikati, udongo usiporomoke ukachanganyika na punje. Unachekecha, unapepeta, unaosha mara mbili, maana mchanga kwenye meno ni mateso. Chungu wanauma, unavumilia. Nikamuuliza, je, wale wanaokuja na fomu kuuliza familia inafanya nini chakula kikipungua, uliwahi kuwaambia? Akasema hapana. Kwenye fomu kuna kukopa, kuna kupunguza milo, kuna kuuza vitu vya nyumbani. Chungu hayumo. Na yeye hakutaja, kwa sababu ni aibu.

Hilo la aibu limenikaa kichwani. Mama huyu ana ujuzi ambao Gould na Huber hawakuwa nao. Anajua ghala liko upande gani, kina gani, mwezi gani. Ingekuwa ni mtu wa chuo kikuu, angeitwa mtaalamu. Kwa kuwa ujuzi wake umetoka kwenye njaa, anauficha.

Sheria ya punje zenye shaka

Sasa turudi kwa Wayahudi wa kale, kwa sababu wao hawakuficha. Waliiandikia sheria.

Torati inasema mwenye shamba akivuna asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini na ya mgeni. Ndiyo maana Ruthu, Mmoabu, mwanamke wa kigeni, aliweza kuingia shambani kwa Boazi akaokota masazo. Ilikuwa haki yake, hakuwa mwizi.

Karibu mwaka 200, marabi walipokusanya sheria zao katika kitabu kinachoitwa Mishna, walikutana na swali gumu: na nafaka iliyo ndani ya mashimo ya chungu, ni ya nani? Msicheke. Kwenye nchi kavu ghala la chungu lingeweza kuwa na nafaka ya kutosha watu kugombana. Wakaamua hivi. Kama shimo liko katikati ya ngano ambayo haijakatwa, nafaka ni ya mwenye shamba, kwa sababu bado hakuna kilichoanguka kwa ajili ya maskini. Lakini kama wavunaji wameshapita, ile iliyo juu ni ya maskini, kwa sababu inawezekana chungu waliiokota kwenye masazo; na ile iliyo chini ni ya mwenye shamba, kwa sababu iliingia mapema.

Angalia jinsi walivyomjua chungu. Walijua anahifadhi kwa tabaka, ya zamani chini, mpya juu. Hao ni watu waliochimba.

Kisha akasimama Rabi Meir akapinga. Yeye alisema yote ni ya maskini, ya juu na ya chini. Sababu yake ni fupi: masazo yenye shaka ni masazo. Yaani kama huna hakika punje hii ni ya tajiri au ya maskini, basi ihesabu kuwa ya maskini. Mzigo wa shaka asibebeshwe mwenye njaa.

Ninaandika kwenye jarida linalosomwa na wakimbizi na pia na wafanyakazi wa mashirika, kwa hiyo nitasema wazi. Sisi tunaishi kwenye mahali ambapo shaka ni jambo la kila siku. Jina kwenye kadi halifanani na jina kwenye orodha, alama za vidole hazisomeki kwa sababu ya kazi ya mikono, kaya imewekwa kundi hili badala ya lile. Mara nyingi hakuna mtu mbaya hapo, kuna shaka tu. Swali ni shaka hiyo inaangukia upande gani. Miaka 1,800 iliyopita, watu waliokuwa wakibishana juu ya shimo la chungu walikuwa na jibu moja la kupendekeza. Sidhani limezeeka.

Malkia wawili wa safari mbili

Kuna habari mbili za wakati wetu huu ambazo napenda zisomwe pamoja.

Agosti 2009, kusini mwa Ufaransa, kwenye nyika kavu inayoitwa La Crau, bomba la mafuta lilipasuka. Mafuta ghafi yakamwagika kwenye hifadhi yenye nyasi za kale sana, malisho ya kondoo. Udongo uliochafuka ukaondolewa, ukaletwa mwingine wa aina hiyohiyo. Lakini udongo peke yake si nyika. Watafiti wakaamua kutafuta msaada kwa chungu wavunaji wa hapo. Mwaka 2011, baada ya siku ile ambayo malkia wachanga huruka, hupandwa na kushuka chini, walikusanya malkia zaidi ya 150 wakawahamishia kwenye eneo lililoharibika, kila mmoja aanze kaya yake. Baada ya miaka kadhaa, mahali chungu walipokaa palikuwa na mbegu nyingi zaidi udongoni, na mimea ilielekea kufanana tena na nyika ya zamani. Wageni hao walipewa ardhi iliyoharibika na wakaitengeneza.

Habari ya pili ni ya Kenya. Aprili 2025, kwenye nyumba ya wageni eneo la Naivasha, vijana wawili wa Ubelgiji wenye miaka 19 walikamatwa na chungu wapatao 5,000, wengi wao malkia, wamefungwa kwenye mirija zaidi ya 2,000 yenye pamba. Walikuwa chungu wavunaji wakubwa wekundu wa nyika za Bonde la Ufa, ambao wafugaji wa wadudu Ulaya na Asia wanawalipia pesa nyingi. Mei 2025 mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Watu wengi hapa kambini walicheka: kesi ya chungu! Baada ya habari ya La Crau, nadhani kicheko kinapungua. Malkia mmoja ni kundi zima la miaka 20 ambalo halitakuwepo. Malkia 5,000 ni kipande cha nyika. Na chungu huyo akitoroka kwenye nchi isiyo yake, anaweza kuwa adui wa mashamba ya huko.

Basi tuwafanyeje?

Narudi kwenye ubishi wa bloku, maana historia isiyosaidia kupika haina kazi.

Wenye bustani wana haki kulalamika. Ukirusha mbegu ndogo juu ya udongo mkavu, chungu watazibeba, hilo ni kweli, na hata wanaopanda nyasi kufufua malisho wanalijua. Lakini huko Hispania, ambako chungu wavunaji wanaishi ndani ya mashamba ya ngano na shayiri, watafiti walipima hasara wakakuta kwa wastani haifiki asilimia 1 ya mavuno, wakati chungu haohao walikuwa wanaondoa sehemu kubwa ya mbegu za magugu. Kwa mkulima asiye na dawa wala pesa ya kibarua, huyo ni mpaliliaji wa bure.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mbegu ndogo, kama mchicha na sukumawiki, zioteshe kwanza kwenye kitalu kilichofunikwa, kisha uhamishe miche. Chungu hana haja na mche. Mbegu za kupanda moja kwa moja zifukie vizuri, usiziache juu. Mtama wa kuanika uweke kwenye mkeka, mbali na njia yao. Kiota kikiwa mlangoni kwako na watoto wanaumwa, hamisha mlango wa bustani kama inawezekana, maana wao hawana kambi nyingine ya kwenda. Na ule udongo wa pembeni mwa jalala lao, chukua kidogo uchanganye kwenye gunia lako, utaona.

Nina ombi moja. Nimeanza kukusanya majina ya chungu huyu. Kiswahili chetu kinamwita chungu tu, kama wengine wote. Lakini kambi hii ina Waturkana wenyeji wetu, ina Wadinka, Wanuer, Wasomali, Waoromo, watu wa Darfur, Wabembe, Wafuliru, Warundi na wengine, na nina hakika wale wa nchi kavu wana jina lake kamili, pengine na jina la ghala lake, na jina la njaa ambayo watu walimchimba. Mwenye kujua amwone mhariri wa jarida hili, au anikute Jumamosi jioni kwenye maktaba. Akina mama watangulie. Na asione aibu mtu.